Kuufuata Mto Mara kwa Njia ya Ningu: Kutoka Kirumi hadi Silibwet

Simulizi hii nimeipanga upya baada ya kurejea nyumbani, nikitumia daftari lililolowa mvua na picha za simu ambazo saa zake zilinisaidia kukumbuka kipi kilitangulia kipi. Nia ya safari ilikuwa kuupanda Mto Mara kuanzia unakoingia Ziwa Victoria, kwa uelekeo uleule anaoufuata ningu msimu wa kutaga, ili nione ni wapi makazi yake yanarudishwa na ni wapi yanazidi kuharibiwa.

Kwa asiyemfahamu, ningu (Labeo victorianus) ni samaki asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika bonde la Ziwa Victoria. Mdomo wake umekaa upande wa chini, nao humwezesha kukwangua chakula kwenye mawe na tope. Hukaa ziwani karibu na midomo ya mito, na mvua zinapoanza hupanda mtoni kwa makundi, akitafuta majani ya ukingoni yaliyofunikwa na maji ya mafuriko, ambako hutaga. Tabia hiyo ya kusafiri kwa pamoja na kwa wakati unaojulikana ndiyo iliyomponza. Nyavu za kutega zilizotengenezwa kwa nyuzi za kitani ziliingia katika Ghuba ya Kavirondo (leo Ghuba ya Winam, Kenya) mwaka 1905, na baadaye zikatandazwa mbele ya midomo ya mito wakati samaki wakiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu, ambao hapo kabla ulilisha watu wengi, ulikuwa umekwisha anguka. Leo IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, imemweka katika kundi la spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka.

Jumatatu, Musoma

Safari ya basi kutoka Mwanza kupitia Magu, Lamadi na Bunda haikuwa na la kusimulia. Chumba cha gesti nilikipata kwa shilingi 25,000, kikiwa na chandarua kizima na maji ya ndoo. Jioni nilishuka mwaloni kuangalia kilichopo: sangara, sato, dagaa waliotandazwa juu ya nyavu, na kambare kadhaa. Nilipomuuliza mama mmoja muuzaji kama hupata ningu, alinitazama kwanza, kisha akasema, "Huyo subiri mvua, mdogo wangu, na hata hapo atakuja kwa kuhesabu." Mvua ilikuwa imeanza wiki iliyotangulia, nayo ndiyo sababu niliichagua Aprili.

Jumanne, Kirumi

Hiace za kwenda Tarime hupita Makutano na kuvuka Daraja la Kirumi, na ukimweleza kondakta mapema atakushusha hapo. Nililipa shilingi 3,000. Upande mmoja wa daraja Mto Mara unafunguka kuwa ghuba. Upande wa pili kuna bahari ya mafunjo inayoendelea mashariki hadi jicho linapokoma. Ardhioevu hiyo imegawanywa baina ya wilaya kadhaa za Mkoa wa Mara, nayo huchuja tope la mto wenye urefu wa kilomita zipatazo 395, ambao chanzo chake kiko katika milima ya Mau nchini Kenya.

Nilikodi mtumbwi pamoja na mzee mwenye mtumbwi huo kwa shilingi 20,000 kwa asubuhi nzima. Mzee yule alikuwa mwanachama wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, na alinionyesha njia za maji ambazo wamekubaliana zisizibwe kwa nyavu wakati wa masika. Njia zenyewe ni nyembamba, nyingine hazizidi upana wa mitumbwi miwili, na mtu mmoja mwenye wavu wenye macho madogo anaweza kuifunga njia usiku mmoja. Mzee alieleza kuwa kazi yao kubwa si kukamata wakosaji, bali ni kuhakikisha kuwa mwenye wavu ana kitu kingine cha kutega katika wiki hizo, kwa sababu anayevua hapo huwa amekwisha kopa. Baadhi yao wamewekewa mizinga ya nyuki pembezoni mwa mafunjo. Asali hailipi kwa wiki, lakini humpa mtu sababu ya kutochoma mafunjo.

Nilimuuliza juu ya Machi 2022, pale maji ya Mara yalipogeuka meusi na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Serikali iliunda kamati, nayo ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo kuwa chanzo, maelezo ambayo wengi hawakuyapokea kirahisi. Mzee hakutaka kubishana na kamati. Alisema tu kwamba siku zile waliokota hata kambare, samaki anayeweza kuvuta hewa ya juu, na kwa hiyo maji yale hayakuwa maji ya kawaida.

Kwa atakayefuata njia hii: beba mfuko wa nailoni wa kufungia simu, vaa kofia, na usikubali kuingia ndani ya mafunjo bila mwenyeji. Kuna viboko na mamba, na njia iliyofunguka asubuhi huweza kuzibwa mchana na kisiwa cha mafunjo kinachoelea.

Jumatano, ukingo wa kaskazini, Rorya

Siku hii ndiyo iliyobadilisha namna ninavyolitazama jambo zima. Nilipanga kufika kwa pikipiki katika kijiji kilicho juu kidogo ya ardhioevu, ambako wanakijiji wametenga sehemu ya ukingo isilimwe wala kulishiwa. Dereva aliomba 15,000 kwenda na kurudi. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza barabara kuwa udongo mweusi unaonata, na baada ya kusukuma pikipiki zaidi ya kuipanda, tulikwama kabisa karibu na boma moja. Mama mwenye boma alitoka na jembe, akatusaidia kuondoa tope lililoziba gurudumu, kisha akaniangalia miguuni. "Mwanangu, huendi popote na viatu hivyo," alisema, akaniletea mabuti ya plastiki ya mume wake. Tulikunywa uji kwake hadi saa nne, tukaendelea kwa miguu. Alikataa fedha jioni niliporudisha mabuti. Alipokea sukari kilo mbili baada ya kubembelezwa.

Ukingo wenyewe haukuwa na la kumvutia mpita njia. Hapakuwa na bango, hapakuwa na miche iliyopangwa kwa mistari. Palikuwa na uwanda wa majani yaliyofika kiunoni, na maji ya mto yalikuwa yameingia ndani yake hatua nyingi kutoka kwenye mkondo, yakiwa yametulia na kupoa rangi, ilhali mkondo wenyewe ulikwenda mbio ukiwa mwekundu kwa udongo. Mwenyekiti wa Jumuiya ya Watumia Maji alinieleza kuwa hapo palikuwa shamba la mahindi lililofika hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, lakini sheria ilikuwepo miaka yote mahindi yalipokuwa yakipandwa. Kilichobadilika ni makubaliano ya kijiji: waliokuwa wakilima hapo walipewa zamu ya kukata majani wakati wa kiangazi kwa ajili ya mifugo yao na ya kuezekea, na ng'ombe wakazuiwa wakati wa masika.

Ningu hutaga katika majani kama hayo. Mayai huanguliwa baada ya muda mfupi, na vifaranga hupata chakula na maficho humo, kisha inawapasa kurudi mtoni kabla maji hayajapungua. Mahali pakilimwa, mafuriko hukuta udongo mtupu. Maji huingia, hubeba udongo na kurudi nao, na mayai yaliyotagwa hufunikwa na matope. Pakilishwa kupita kiasi, maji huingia na kutoka upesi mno. Hili lilinifanya nitilie shaka desturi yetu ya kupima ukarabati wa mito kwa idadi ya miche. Miti ina kazi yake, hasa mlimani na kwenye kingo zinazobomoka, na sina ugomvi nayo. Lakini samaki huyu anahitaji nyasi zinazofurika, na sijapata kumwona kiongozi akipigwa picha akipanda nyasi.

Niliuliza kama ningu wameonekana. Kijana mmoja alisema msimu uliopita walikuta vifaranga katika vidimbwi maji yalipopungua, wakawachota kwa vyandarua vilivyochakaa na kuwarudisha mtoni, ingawa hakuna aliyeweza kutofautisha kwa hakika ningu na kuyu, samaki mwingine wa mtoni, wakiwa wadogo namna ile. Wanahitaji mtu wa kuwafundisha kutambua samaki wachanga. Niliandika hilo daftarini kwa herufi kubwa, na hadi leo naamini lingegharimu kidogo kuliko sherehe moja ya kupanda miti.

Alhamisi, Tarime hadi darajani

Kutoka Tarime nilipanda gari la Nyamongo na kuendelea hadi kwenye daraja la barabara ya Mugumu, ambako Mara hupita baada ya kutoka katika Hifadhi ya Serengeti. Gari lililotangazwa kuondoka saa mbili liliondoka saa tano kasorobo, kwa sababu lilikuwa likisubiri abiria mmoja mwenye mifuko ya saruji. Nilikula mihogo ya kuchemsha na chai kituoni, shilingi 1,500.

Hapa mto una kingo ndefu na mawe, na shida yake ni njia za ng'ombe. Mahali kundi linaposhuka kunywa, ukingo huvunjika na kuwa mteremko wa vumbi, na mvua ya kwanza huupeleka mtoni. Nilionyeshwa birika la kunyweshea mifugo lililojengwa mbali na mto, likilishwa na bomba kutoka kwenye chemchemi. Wafugaji walilipenda kwa sababu yao wenyewe: ndama hawateketei tena kwa mamba. Ukingo ulioachwa ulikuwa umeanza kuota matete bila mtu kupanda chochote. Birika la pili, hatua chache kutoka la kwanza, lilikuwa kavu, koki yake ikiwa imevunjika, na njia ya ng'ombe iliyolipita ilikuwa bado mbichi. Mtu anayepanga mradi wa namna hii afikirie kwanza nani atanunua koki ya pili, na fedha zake zitakaa wapi.

Sehemu inayofuata ya mto, ndani ya Serengeti na Maasai Mara, sikuipita. Gharama za hifadhi zingemaliza safari yangu papo hapo. Lakini haifai kuirukia kimyakimya, kwa kuwa hata asili humtesa samaki. Upande wa Kenya wa mto na vijito vyake kuna viboko zaidi ya 4,000, na watafiti wameonyesha kuwa kinyesi chao hujilimbikiza katika vidimbwi wakati wa kiangazi, kisha mafuriko ya ghafla huyazoa maji hayo yasiyo na oksijeni na kuua samaki mbele ya safari. Viboko na ningu wameishi pamoja kwa vizazi visivyohesabika. Hata hivyo, kiasi cha maji ya kiangazi hutegemea watu wa sehemu ya juu ya mto, na kadiri mto unavyokonda ndivyo vidimbwi hivyo vinavyozidi kuoza. Kwa hiyo nilitaka kufika huko juu.

Ijumaa, Sirari, Isebania, Kisii

Mpaka ulivukwa bila taabu katika kituo cha pamoja cha Sirari na Isebania. Raia wa Tanzania atahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na ni busara kubeba kadi ya chanjo ya homa ya manjano hata kama huulizwi. Badili fedha katika duka lenye leseni na uhesabu kabla ya kutoka. Vijana wa nje huhesabu haraka kuliko jicho. Kutoka Isebania nilibadili matatu Migori, nikalala Kisii katika chumba cha shilingi 1,200 za Kenya, juu ya duka la vifaa vya ujenzi lililofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi kwa kelele za mabati.

Jumamosi, Bomet na Silibwet

Kupitia Sotik barabara ni nzuri, na chai imefunika vilima pande zote. Bomet iko kando ya Nyangores, mmoja wa mito miwili inayoungana kuwa Mara. Wa pili ni Amala. Mwenyeji wangu, mwanachama wa jumuiya ya watumiaji wa maji, alinipokea stendi akiwa na mwavuli wa ziada, jambo ambalo sikuwa nimemwomba, na tukapanda pikipiki hadi Silibwet.

Nyumbani kwao tulikula ugali, sukuma wiki na mursik (maziwa ya mgando), kisha tukashuka shambani. Kanuni za maji za Kenya zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kulingana na upana wake. Kwa mwenye ekari mbili, mita 30 si jambo dogo. Wenzake wengi walikuwa na mikaratusi hadi majini, kwa kuwa hukua upesi na huuzwa kwa nguzo na kuni za viwanda vya chai. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito, lakini amri hiyo haikusema mkulima atauza nini badala yake. Hapa Silibwet jibu limekuwa nyasi za nepia. Ukanda wa karibu na maji una mianzi na miti ya kiasili, unaofuata una nepia inayokatwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, na mahindi yanaanzia juu yake. Ng'ombe hawashuki mtoni. Hukatiwa majani na kuchotewa maji.

"Samaki huyo unayemtafuta sisi hatumjui," mwenyeji wangu aliniambia tukiwa tumesimama mvuani. "Mimi najua maziwa." Nilimwonyesha picha ya ningu simuni, naye akaitazama kwa adabu ya mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu wa mgeni. Sikuona sababu ya kumshawishi ampende. Ukanda wake wa nepia unazuia udongo ambao ungeshuka hadi Rorya na kufunika mayai, na unafanya hivyo kila mwaka kwa sababu kila asubuhi kuna maziwa ya kupeleka. Nina imani zaidi na ukingo wa namna hiyo kuliko ule unaotegemea huruma ya mtu kwa samaki aliye mbali.

Tulipima uangavu wa maji kwa bomba la plastiki lenye alama chini yake: unamimina maji hadi alama isionekane, kisha unasoma kina. Wana kumbukumbu za vipimo hivyo katika daftari la shule. Kijito kilichopita katikati ya mashamba yenye nepia kilikuwa safi kwa dhahiri kuliko jirani yake aliyelimwa hadi ukingoni, ingawa mwenyeji alinionya nisihukumu kwa siku moja, kwani mvua ilikuwa imenyesha zaidi upande ule.

Jumatatu, Mulot

Jumapili ilikuwa ya mapumziko na kufua. Mulot iko kando ya Amala, na tofauti na Nyangores ilionekana mara moja: maji mazito ya rangi ya matofali, makorongo yaliyokatika kutoka malishoni hadi mtoni, na vizuizi vya mawe ambavyo vingine vilikuwa vimeshika udongo na vingine vimezungukwa na maji pembeni. Fundi mmoja wa kujitolea alinieleza kosa lililofanyika: kizuizi kinatakiwa kuwa chini katikati na juu kwenye mabega, ili maji yapite juu yake katikati ya korongo, kikiwa sawa kote, maji hutafuta pembeni na kuchimba njia mpya. Vile vilivyorekebishwa vilikuwa tayari vina nyasi nyuma yake.

Mulot pia imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa maeneo yanayopendekezwa kujengwa mabwawa katika bonde hili, sambamba na Borenga upande wa Tanzania. Haja ya maji ya kunywa na ya kumwagilia ni ya kweli pande zote mbili. Lakini bwawa likijengwa bila njia ya samaki, na bila kuachia mafuriko ya masika yashuke, majani ya ukingo wa Rorya yatabaki makavu hata kama hakuna ng'ombe atakayeyagusa. Wale wanaochora michoro wangefaa kuuliza tarehe ambazo ningu hupanda kabla ya kuuliza ujazo wa zege.

Nilirudi Kisii siku hiyohiyo kwa matatu mbili, shilingi 600 kwa jumla, na kesho yake nikavuka mpaka.

Kwa watakaopenda kuiona kazi hii, Siku ya Mara huadhimishwa kila tarehe 15 Septemba, kwa zamu kati ya Kenya na Tanzania, na ndiyo nafasi rahisi ya kukutana na jumuiya za maji za nchi zote mbili mahali pamoja. Msimu huo, hata hivyo, ningu hawapandi kutaga. Anayetaka kuona nyanda za nyasi zikiwa chini ya maji aje Aprili au Mei, atenge siku mbili za ziada kwa ajili ya barabara za udongo mweusi, apige simu kwa ofisi ya kijiji kabla ya kufika, na kama anafahamu kutambua vifaranga vya samaki, awaambie wenyeji mapema, maana kuna vijana Rorya wanaomsubiri.